Sifa za Mtoto Mwenyewe

Nyuma ya kila kitabu kinachotoka katika ile nyumba ya uchapishaji kuna mistari michache ya kukisifu, na chini ya kila sifa jina la mtu mzito. "Nilikifungua asubuhi nikasahau chai," asema daktari fulani. "Kitabu hiki kimenirudisha shuleni," asema mheshimiwa fulani. Watu husoma, wakaamini, wakanunua. Wasichokijua ni kwamba yule daktari hakukifungua asubuhi wala jioni, na yule mheshimiwa hata jina la mwandishi hulikosea. Maneno yao wote yametoka kwenye meza moja iliyobanwa kati ya mashine ya kurudufu na mlango wa choo. Ni meza ya mwanamke mmoja mwenye miwani ya kamba, ambaye ofisi nzima humwita Mama Jalada.

Ndivyo kazi ilivyozoeleka pale. Mtu mzito hana nafasi ya kusoma, kwa hiyo Mama Jalada husoma kwa niaba yake, humwandikia sifa kwa sauti yake, kisha humpigia simu na kumsomea. Mtu mzito husema, "Barabara, weka jina langu," na kazi imekwisha. Hakuna aliyeona kosa. Hata yeye hakuliona. Alikuwa fundi, na fundi hufurahia kazi yake ikikaa sawa. Alijua kwamba profesa ni lazima apewe neno moja gumu, la sivyo watu watasema si profesa. Alijua mwanasiasa akatwe mapema kabla hajaanza kujisifu mwenyewe. Alijua "kitabu kizuri sana" ni maneno ya mtu asiyesoma, na kwamba anayetaka kuaminika hutaja kitu kimoja kidogo kutoka ndani: kufuli lililopata kutu, au jibu la mlevi kwa hakimu. Msomaji akikiona kile kidogo, humeza na kikubwa.

Asubuhi hiyo mkurugenzi alikuja mwenyewe mezani kwake, manukato yake yakimtangulia, akamwekea mswada mnene.

"Mama Jalada, acha yote. Hii ni dhahabu. Mama Malezi wa redioni ameandika kitabu."

Mama Malezi alikuwa na kipindi cha asubuhi cha kufundisha watu kulea watoto, na nusu ya nchi ilikuwa ikimsikiliza huku ikipiga pasi. Alikuwa pia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Hilo ofisini hawakulijua, maana kila alipotaka kulitaja, neno lililofuata mdomoni lilikuwa tusi.

Alitazama jina la kitabu. *Hivi Ndivyo Nilivyomlea.*

"Alivyomlea nani?" akauliza.

"Binti yake! Ana binti mmoja, yuko chuo. Sasa sikiliza, tunataka sifa za watu watatu. Daktari wa watoto, yule wetu wa siku zote. Spika mstaafu. Na wa tatu," mkurugenzi akainamisha kichwa kama mtu anayefunua sahani, "mtoto mwenyewe. Wazo la Mama Malezi hilo. 'Mama yangu alinilea hivi na vile.' Machozi kidogo. Wewe andika, binti atatia jina."

"Mtoto mwenyewe," alirudia Mama Jalada.

"Sauti ya binti, unanielewa? Usimfanye mzee."

"Sauti yake naijua," akasema, na mkurugenzi akaondoka akidhani hayo ni maringo ya fundi.

Sauti hiyo alianza kuisikia ikiwa bado ni ya kulilia maziwa. Kibibi, maana ndivyo walivyomwita nyumbani, aliletwa kwake hajaota jino hata moja. Wifi alisema anakwenda kozi, anarudi. Kozi ikazaa kazi, kazi ikazaa mume mwingine, mume akazaa mji mwingine. Alikuwa akija mara mojamoja na midoli mikubwa kuliko mtoto na viatu visivyomtosha. Kila akija, akimsikia mtoto anaita "Mama" kuelekea jikoni, alimkalisha na kumrekebisha: "Huyu ni mkaza mjomba wako. Mke wa mjomba, umesikia? Mama ni mimi." Mtoto alikuwa akiwatazama wote wawili kwa adabu, anasema, "Haya," kisha anageuka na kusema, "Mama, nina njaa," na hakuna aliyehitaji kuuliza anaambiwa nani.

Akafungua mswada. Alisoma sura ya kwanza kwa kuuma meno. Ya pili akaanza kuhisi joto masikioni. Yalikuwa mambo yake. Jinsi Kibibi alivyokataa kula mpaka kijiko kibishe hodi mdomoni. Jinsi alivyoacha kukojoa kitandani kwa kupewa kazi ya kuwaamsha watu wa nyumbani alfajiri. Yote aliyafanya yeye, na yote alimsimulia wifi kwenye simu, kwa nia njema kabisa, ili mama mzazi ajue mwanawe anaendeleaje. Wifi alikuwa akisema, "Enhe? Ehee? Pole wifi yangu," na yeye akadhani anasikilizwa. Kumbe anachotwa.

Kisha akafika kwenye sura ya mkono. Kibibi, akiwa darasa la pili, alianguka kutoka kwenye ukuta wa shule na mkono ukavunjika. *Nilimbeba mgongoni,* aliandika Mama Malezi, *mguu mmoja una ndara, mwingine mtupu, na njia nzima nilimwimbia ili asihisi maumivu.*

Mama Jalada alifunga mswada kwa kishindo hadi mpanga kurasa wa meza ya pili akaruka.

"Kuna nini?"

"Panya."

"Yuko wapi?" Mwenzake alishapandisha miguu kitini.

"Redioni."

Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi za nyuma pale wavuta sigara wanaposimama, akampigia wifi yake.

"Wifi! Leo umenikumbuka!" Ilikuwa ile sauti ya kipindi, laini kama mafuta.

"Nimesoma kitabu chako."

"Umekipata wapi? Hakijatoka."

"Ndiyo kazi yangu. Mimi ndiye ninayekiandikia sifa."

"Si wewe unapanga makaratasi huko?"

"Na maneno."

"Jamani! Miaka yote hii! Basi vizuri, kitabu kiko nyumbani. Utanipamba, eeh?"

"Wifi, nani alivunjika mkono?"

"Swali gani hilo? Mwanangu."

"Nani alimbeba?"

Sauti ikapungua mafuta. "Sikiliza, kitabu ni kitabu. Msomaji anataka mama mmoja. Ukimletea wawili anachanganyikiwa."

"Basi ungemtoa yule ambaye hakuwepo."

"Ahaa. Wivu huo."

"Ninao, tena mwingi. Nikugawie?"

"Mimi ndiye niliyemzaa! Uchungu niliuona mimi!"

"Uliuona. Ukaisha. Mimi wangu unaanza leo."

"Tena usithubutu kumvuruga mtoto," alisema wifi, sasa sauti ikiwa ile ya nyumbani kwao, kavu. "Nimeshaongea naye. Amekubali kwa moyo mmoja. Amefurahi mpaka amelia." Akakata.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkaa. Alirudi na hasira nyumbani, akamkuta mumewe amekaa sakafuni anatengeneza birika la umeme, akamwagia yote. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho huku bisibisi imeganda hewani.

"Dada ndivyo alivyo," akasema.

"Yuko hivyo kwa sababu ndivyo mnavyomwacha awe. Kila akivunja kitu mnasema ndivyo alivyo, kisha mnaniletea mimi ufagio."

"Sasa unataka nifanye nini? Nikamkamate?"

"Nataka ukasirike! Hata kidogo! Nisikasirike peke yangu kama kichaa!"

Mumewe akatazama birika. Ni mtu mwema, na siku nyingine wema wake ungetosha. Siku hiyo ulimchefua.

Jumamosi Kibibi alikuja kutoka chuo na mfuko wake wa nguo chafu, kama kawaida yake. Alikuwa akisema mashine za chuo zinakula vifungo. Walikaa uani, mama anafua, binti anasuuza na kuanika. Mama Jalada alisubiri. Hakuwa mtu wa kusubiri, na shuka ndizo zilizoadhibiwa.

"Mama," hatimaye Kibibi alisema kutoka nyuma ya shuka, mahali ambapo uso wake hauonekani, "mama mzazi amekwambia kuhusu kitabu?"

"Ofisi imeniambia."

"Amesema siku ya uzinduzi nitakaa naye mbele. Atanisimamisha, anishike mkono, aseme mbele ya watu wote, huyu ndiye mwanangu." Shuka ilitikisika. "Hajawahi kusema hivyo mbele ya watu, Mama. Hata redioni. Huwa anasema 'watoto wetu'."

Mama Jalada alikamua soksi mpaka ikakosa maji ya kutoa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na mtoto mwenye tamaa, au mtoto mjinga. Hakujiandaa kwa hili. Na badala ya kumpoza, lilimzidishia hasira. Huyu mtoto alikuwa na nyumba, kitanda, mjomba wa kumsindikiza na mama wa kumfulia, na bado kulikuwa na mahali ndani yake palipokuwa pakisubiri mlango ugongwe na mtu yuleyule ambaye hakugonga.

"Basi nimemwambia ndiyo," aliendelea Kibibi, akichungulia sasa. "Ila mimi maneno sijui. Si utaniandikia? Wewe unaandikia watu wote."

"Siandiki."

"Mama! Mistari mitatu tu!"

"Siandiki hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikiandika mimi itakuwa nzuri. Watu watalia. Utaisoma mpaka uiamini, na mimi nitaiona kila nikipita dukani, maneno yangu, jina lako, na sifa zake." Alisimama na kujifutia mikono kwenye kanga. Aliingia ndani, akatoka na mswada, akauweka juu ya beseni lililogeuzwa. "Ukitaka kutia jina, soma. Chote. Kisha uandike mwenyewe."

"Lakini si wewe uliyesema hakuna anayesoma?"

"Wewe utasoma."

"Umenikasirikia."

"Sana. Soma."

Kibibi alikaa kwenye ngazi za jikoni na kusoma. Mwanzoni alikuwa akitabasamu, hata akasema, "Kumbe kijiko kilikuwa kinabisha hodi!" Mama Jalada alimalizia shuka, akaanza mashati ambayo hayakuwa machafu. Baadaye kurasa zikawa hazigeuzwi. Alipoinua macho, Kibibi alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko, pale ulipounganishwa.

"Mama. Hapa amesema aliniimbia."

"Nimeona."

"Njia nzima."

"Nimeona, nimesema."

"Wewe hujawahi kuimba hata siku moja!" Sauti ilimpanda Kibibi. "Mimi nakumbuka! Ulikuwa unanuka vitunguu, na njia nzima ulikuwa unanitukana!"

"Sikukutukana. Nilikugombeza."

"Uliniita nyani!"

"Nani alikutuma upande ukuta? Nyani si ndiye anayepanda?"

"Na yule mlinzi getini aliposema tupange foleni, ukamwambia apange foleni na mama yake!"

"Alistahili."

Kibibi alicheka, na kicheko kikakatikia njiani. Alirudi kwenye ukurasa na kuusoma tena, midomo ikisogea. Hakulia. Uso wake ulifanya kitu ambacho Mama Jalada alikifahamu, maana alikiona kila asubuhi kwenye kioo chake mwenyewe: taya zilikaza.

"Hakuuliza hata mimi," alisema binti. "Mimi niko hai. Nina simu. Angeniuliza tu, mwanangu, ulipoanguka ulihisije? Ningemwambia." Akaufunga mswada. "Nipe kalamu."

Jumatatu walikwenda ofisini pamoja. Mama Jalada alimwambia Kibibi akae kwenye benchi la ukumbini, akaingia kwa mkurugenzi na karatasi. Alimkuta wifi yake kule ndani, amekuja kuchagua picha ya jalada, amevaa nguo ya kung'aa, picha zake zimetandazwa mezani, na katika zote amebeba mtoto wa kuazima.

"Ndugu yangu huyo!" wifi alimwambia mkurugenzi, na mkurugenzi akatoa macho. "Hakukwambia? Tunatoka nyumba moja. Haya, leta sifa zangu."

"Za daktari na spika bado. Hii ni ya mtoto mwenyewe. Kaandika kwa mkono wake."

"Kwa mkono wake?" alisema mkurugenzi, kama mtu aliyeambiwa maji yamepanda ngazi. "Kwani tangu lini?" Lakini alishaichukua, na kwa mazoea ya kazi akaisoma kwa sauti.

"'Nimesoma kitabu hiki chote. Mengi yaliyomo yalinitokea kweli. Nilivunjika mkono, na nilibebwa mgongoni hadi hospitali. Aliyenibeba hakuniimbia. Alinigombeza njia nzima, akagombana na mlinzi, na nilipotoka kufungwa plasta nilimkuta amesimama palepale, mguu mmoja mtupu. Jina lake halimo humu.'"

Mashine ya kurudufu ilisikika upande wa pili wa ukuta, ikitema karatasi.

"Ni kali," alisema mkurugenzi polepole. "Lakini hii haiendi popote."

"Umeandika wewe!" Wifi alisimama, picha mbili zikaanguka. "Nyoka mkubwa! Umemwekea mtoto maneno mdomoni!"

"Mimi ningeandika vizuri zaidi ya hapo. Muulize bosi."

"Ni kweli," alisema mkurugenzi bila kujizuia, "angeweka na—" Wifi akamtazama, naye akayameza yaliyobaki.

Mlango ulifunguka. Kibibi hakubisha hodi.

"Nimeandika mimi," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Ile sauti ya mafuta ilirudi, ikajaribu kumfikia. "Njoo hapa. Umekasirishwa, naona. Kitabu hiki ni kwa ajili yetu. Mimi na wewe. Tutasimama pale mbele—"

"Mama hakuimba."

"Jamani, wimbo tu! Ni kupamba! Watu wanapenda wimbo!"

"Na mgongo je?"

Wifi akalipuka: "Sasa mlitaka niandike nini? Niandike kwamba sikuwepo? Ndicho mnachotaka, nchi nzima inicheke?"

"Andika ulikuwa wapi," alisema Kibibi.

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana lilimwingia kila mtu mle ndani, hata mkurugenzi aliyekuwa amejificha nyuma ya mikono yake.

"Hicho ningekisoma," aliendelea. "Mimi sijui ulikuwa wapi. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mama kila nikimuuliza anasema muulize mwenyewe, na wewe nikikuuliza unanipa viatu. Nilipoanguka ulikuwa wapi? Ulikuwa unafanya nini siku hiyo? Ulikula nini? Andika hilo, nitatia jina."

Uso wa wifi ulikuwa umebadilika rangi chini ya poda. Kwa muda mfupi ilionekana kama atajibu. Mama Jalada, pamoja na hasira zake zote, alijikuta akitamani ajibu. Wifi aliinama, akaanza kukusanya picha zake.

"Hayo si mambo ya kitabu," alisema.

"Mama Malezi, tafadhali," mkurugenzi alisimama, "tunaweza kurekebisha. Mama Jalada, rekebisha! Ukumbi umeshakodiwa!"

"Rahisi," alisema Mama Jalada. "Atoe sura ya mkono. Atoe ya kijiko. Atoe ya kitanda. Nitamwekea alama kila penye jambo langu. Kitakachobaki nitakisifu mpaka watu wazimie."

"Kitabaki nini?"

"Ukurasa wa shukrani. Na hapo pia tutauliza anamshukuru nani."

Wifi aliuchukua mswada na kuukumbatia. Mlangoni aligeuka, akamtazama Kibibi tu, kana kwamba wengine ni viti. "Unakuja?"

Kibibi alisogea hatua moja. Mama Jalada aliiona ile hatua, na ilimchoma kuliko kitabu kizima. Kisha binti akasimama.

"Ukiiandika ile nyingine," alisema, "nipigie simu. Hata usiku."

Wifi alitoka. Viatu vyake vilisikika ukumbini kote mpaka kwenye ngazi, na havikupunguza mwendo.

"Unajua umenipotezea nini?" mkurugenzi alimwambia Mama Jalada. "Atakipeleka kwa wengine! Watamwandikia sifa palepale, hawatauliza hata swali!"

"Najua. Mimi mwenyewe nisingeuliza, kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine." Alivua miwani na kuifuta. Hilo alilolisema lilimkera, kwa sababu lilikuwa kweli. "Ya daktari na spika andika wewe. Au wasome wenyewe, wana macho."

"Kesho tutazungumza kuhusu kazi yako!"

"Kesho tutazungumza."

Nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa watu. Walishika njia ya nyumbani. Kibibi alikuwa analia sasa, waziwazi, akijifuta kwa kiganja, na waliopita walimgeukia.

"Hatanipigia," alisema.

"Labda hatapiga."

"Ungesema atapiga!"

"Sisemi nisichokijua. Nimesema vya kutosha kwa niaba ya watu."

Walivuka barabara. Upande wa pili Kibibi aliuliza, "Bado umenikasirikia?"

"Bado."

"Kwa sababu nilikuomba uandike?"

"Kwa sababu ulitaka kwenda. Hata leo. Nimekuona."

Kibibi hakukana. Alikuwa amefundishwa asikane, na aliyemfundisha sasa alikuwa akivuna. "Nilitaka," alisema. "Bado nataka."

Mama Jalada alitembea. Alikuwa na hasira na wifi yake, na mkurugenzi, na mume mwema aliyekuwa nyumbani na birika lake, na daktari asiyesoma, na yeye mwenyewe aliyemfanya kila mtu aonekane amesoma. Alikuwa na hasira na mtoto huyu aliyemshika kiwiko katikati ya watu, mkubwa mzima, pua inamtiririka, akimtaka mtu mwingine na huku amemng'ang'ania yeye.

Akamwachia kiwiko akishike.